Shajara ya mradi: barua pepe ya karakana ya Keko kwenye hosti ya bure

Jumamosi, 8 Februari 2025: kwa nini tunahangaika

Mjomba wangu ni fundi seremala Keko, Dar es Salaam, kwenye zile karakana za makochi na makabati. Wiki iliyopita hoteli moja ya Masaki ilimwomba profoma ya vitanda 18. Akaituma kwa Gmail ya binti yake, ile yenye jina la utani na mwaka wa kuzaliwa nyuma yake. Dada wa manunuzi akapiga simu: "Mzee wangu, hii imeili ni ya kampuni kweli?" Mjomba akajibu kwamba ni ya kampuni, ya mtoto wa kampuni. Vitanda bado havijaagizwa.

Domeni tunayo. Nilimnunulia mwaka jana kwa msajili mmoja wa hapa mjini, .co.tz, na tovuti yake ya kurasa tano ipo kwenye hosti ya bure ya nje ya nchi. Kinachokosekana ni anwani zenye jina hilo: info@ na mauzo@. Sharti la mjomba ni moja, kwamba asilipe kitu cha kila mwezi. "Mpwa wangu, mbao zimepanda." Hiyo ndiyo hoja yake yote, na sina la kumjibu.

Naandika hatua kwa hatua kwa sababu mafundi wenzake wawili wameshaulizia, na mimi mwenyewe najijua kwa kusahau. Jina halisi la domeni nimelificha. Kila utakapoona mfano.co.tz weka la kwako. Anwani ya IP 192.0.2.10 nayo imetengwa maalumu kwa mifano ya maandishi, usiibandike popote.

Mpango: tovuti ibaki ilipo, barua ziende Zoho Mail kwenye mpango wao wa bure. Unaruhusu watumiaji hadi 5, kila mmoja na nafasi ya GB 5. Hauna IMAP wala POP, maana yake barua utazisoma kwa brauza au kwa programu yao ya simu, Outlook usahau. Mjomba hajui Outlook ni nini, kwa hiyo hatujapoteza kitu.

Jumapili, 9 Februari: rekodi za kwanza

Kufungua akaunti ni dakika kumi, sielezi. Mwisho wa kujisajili unaombwa uthibitishe kuwa domeni ni yako kwa kuweka rekodi ya TXT, yaani mstari wa maandishi kwenye DNS (daftari la anwani za domeni), inayoanza na zoho-verification=, halafu unapewa rekodi tatu za MX:

mx.zoho.com, kipaumbele 10
mx2.zoho.com, kipaumbele 20
mx3.zoho.com, kipaumbele 50

Kwa asiyezijua: MX ndiyo inayowaambia wenye seva duniani kwamba barua za mfano.co.tz zipelekwe wapi. Namba ndogo ndiyo hujaribiwa kwanza, hilo huwachanganya wengi. Na MX lazima itaje jina la seva. Ukiandika anwani ya IP umekosea.

Nikaingia kwenye akaunti ya msajili, mahali nilipolipia domeni, nikakuta ukurasa umeandikwa DNS. Nikajaza zote nne, nikahifadhi, alama ya kijani ikatokea. Nikabonyeza kitufe cha kuthibitisha kule Zoho: haijaonekana. Nikajiambia rekodi huchukua saa 24 hadi 48 kusambaa, kila mtu anasema hivyo. Nikalala.

Jumatano, 12 Februari: siku tatu zimekwenda na maji

Saa 48 zilipita, na nyingine juu yake. Mjomba amepiga simu mara mbili. Leo nikaacha kusubiri nikauliza swali nililotakiwa kuuliza Jumapili, kwa dig, amri ya kuuliza DNS: seva za majina (NS) za domeni yetu ni zipi?

dig NS mfano.co.tz +short

Majibu yakaja na majina mawili ya seva, yote ya ile hosti ya bure. Hapo nikashika kichwa. Mwaka jana, wakati naiunganisha tovuti, hosti ilinitaka nielekeze seva za majina kwao, nikafanya, nikasahau. Tangu siku ile ukurasa wa DNS wa msajili umebaki pambo. Unaandika, unahifadhi, unapewa alama ya kijani, na hakuna mtu yeyote duniani anayekuja kuusoma.

Mjomba nilimweleza hivi, akaelewa kuliko mimi: ukipata mgeni Keko ukaenda kumwandikisha kwa mjumbe wa Tandika, daftari la Tandika litampokea vizuri tu. Ila atakayekuja kumtafuta mgeni wako ataulizia Keko, na huko ataambiwa hayupo. Msajili kazi yake ni kutaja mjumbe wako ni nani. Anayejibu maswali ni mjumbe mwenyewe, yaani seva za majina.

Kabla ya mwaka 1983 kulikuwa na daftari moja kwa mtandao mzima, faili lililoitwa HOSTS.TXT, likitunzwa Stanford Research Institute, kila mwenye kompyuta analivuta kwake. Lilipozidi kukua Paul Mockapetris akabuni DNS, kila mtu ashike daftari la mtaa wake. Ni ubunifu mzuri, ila ndio unaomfanya mtu kama mimi aandike siku tatu kwenye daftari lisilo lake.

Kwa anayefuata nyuma yangu: amri ile ya NS iwe ya kwanza kabisa. Kama huna dig kwenye Windows, nslookup -type=ns mfano.co.tz inatosha, na kama una simu tu zipo tovuti nyingi za kuuliza DNS bure. Hasara ya siku hizi tatu kwa fedha ni sifuri, bando tu la 3,000. Kwa heshima yangu mbele ya mjomba, sijui niandike ngapi.

Alhamisi, 13 Februari: paneli ya hosti, na jina lililojirudia

Leo nimehamia kwenye paneli sahihi, ya hosti. Sehemu ya MX ilikubali zote tatu bila maneno. TXT ya uthibitisho nikaijaza hivi: kwenye Jina, mfano.co.tz, kwenye Thamani, ile zoho-verification. Nikathibitisha. Haijaonekana.

Safari hii sikulala. Niliiuliza moja kwa moja seva yenye daftari, bila kupitia kache (kumbukumbu ya muda ya majibu) ya mtu yeyote, kwa kuweka jina la seva ya hosti baada ya alama ya @:

dig @ns1.hostiyako TXT mfano.co.tz

Haipo. Nikajaribu kwa kubahatisha:

dig @ns1.hostiyako TXT mfano.co.tz.mfano.co.tz

Ipo! Paneli huongeza jina la domeni yenyewe mwishoni mwa chochote unachoandika. Ukiandika jina zima, linakuwa mara mbili. Kwa domeni yenyewe unaweka @ au unaacha wazi, na kwa domeni ndogo unaandika kipande cha mbele tu. Paneli nyingine zina akili ya kulitambua jina zima na kulikata, hii haina. Dawa yake ni moja: ukishahifadhi, angalia orodha inavyoonyesha jina kamili, usiamini kisanduku ulichojazia.

Nilirekebisha, nikauliza 8.8.8.8, seva ya DNS ya umma ya Google, ikasema haipo. Nikauliza 1.1.1.1, ya Cloudflare, ipo. Nilifikiri nimerogwa. Kumbe hata jibu la "haipo" nalo huwekwa kwenye kache. Nilikuwa nimeisumbua 8.8.8.8 mara kadhaa kabla rekodi haijakaa sawa, ikaweka akilini kwamba hakuna kitu, na ikaendelea kusema hivyo mpaka muda wake ukaisha. Muda huo hupangwa na namba ya mwisho kwenye SOA, rekodi yenye mipangilio ya daftari zima la domeni. Kwa hiyo usiulize kache za watu kila dakika kama mtoto anayefunua sufuria. Uliza seva yenye daftari kwanza. Ikishajibu sawa, ndipo uende kwa wengine.

Saa kumi na mbili jioni umeme ulikatika mtaa mzima. Nilimalizia kwa simu: domeni imethibitishwa, info@ na mauzo@ zimefunguliwa, barua ya majaribio kutoka Gmail yangu imeingia. Mjomba akaijibu kwa maneno mawili, "Nimeona mpwa."

Jibu lake nililikuta kwenye spamu.

Jumamosi, 15 Februari: spamu, na mstari wa chini usiokubaliwa

Gmail ina njia nzuri ya kukuambia kosa. Fungua barua kwenye kompyuta, bonyeza nukta tatu za pembeni, chagua kuona barua asilia. Juu kabisa kuna SPF, DKIM na DMARC, vipimo vitatu vya kujua kama barua ni ya kweli, na matokeo yake. Yetu: SPF ina kosa la kudumu, permerror, DKIM ya domeni yetu haipo, DMARC haipo.

SPF ni rekodi ya TXT inayotaja nani anaruhusiwa kutuma barua kwa jina lako. Sheria yake, kwenye RFC 7208 (RFC ni hati za viwango vya mtandao) ya mwaka 2014, inataka domeni iwe na moja tu. Sisi tulikuwa nazo mbili: moja hosti iliiweka yenyewe tangu mwanzo, nyingine nimeiweka juzi ya Zoho. Seva inayopokea ikikuta mbili haichagui iliyo bora, inazikataa zote. Yaani ukiwa na vitambulisho viwili vyenye majina tofauti, askari wa getini anakuona tapeli tu.

Ukiwa na watumaji wawili halali, unawaunganisha kwenye mstari mmoja. Kwa kuwa sitaki hosti itume chochote, nilifuta ya hosti ikabaki hii:

v=spf1 include:zohomail.com ~all

Thamani halisi ichukue kwenye ukurasa wa akaunti yako, maana wanaotumia vituo vya data vya Ulaya au India hupewa majina tofauti, na MX zao pia. Jambo jingine la kukumbuka siku ukiongeza watumaji: SPF haitakiwi kusababisha maswali ya DNS zaidi ya 10. Kila include ni swali, na ndani ya include kunaweza kuwa na include nyingine. Sisi bado tuko mbali.

Ikapita. SPF: PASS.

Ikaja DKIM, na hapo mradi ukasimama. DKIM ni sahihi ya siri: Zoho inatia saini kila barua, na ufunguo wa kuthibitisha saini unakaa kwenye DNS yako chini ya jina kama zmail._domainkey. Neno la mbele, zmail, unalichagua mwenyewe. Nilipoandika jina hilo, paneli ya hosti ikajibu kwa rangi nyekundu kwamba jina lina herufi isiyoruhusiwa. Herufi yenyewe ni ule mstari wa chini, _. Bila mstari huo hakuna DKIM, na hakuna DMARC pia, kwa sababu nayo lazima ikae kwenye _dmarc.

Nilijaribu kuuruka. Nilijaribu bila mstari, ikakubali lakini haina maana. Nilijaribu rekodi ya CNAME, inayoelekeza jina kwenye jina jingine, badala ya TXT, herufi ile ile ikakataliwa. Na hata kama jina lingepita, kisanduku cha thamani kinakata kila kitu baada ya herufi 255. Ufunguo wa biti 1024 una herufi 216, ungetosha na kichwa chake. Wa biti 2048 una 392, usingeingia bila kugawanywa vipande. Niliwaandikia huduma kwa wateja wa hosti; jibu lilikuja baada ya saa moja, la adabu kabisa, kwamba kipengele hicho kipo kwenye mpango wa kulipia.

Mtu atauliza, kwani SPF peke yake haitoshi? Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanataka kila mtumaji awe na angalau SPF au DKIM, na wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail wawe na zote mbili pamoja na DMARC. Mjomba hatumi hata tano. Lakini SPF huvunjika barua inapopelekwa mbele kutoka sanduku moja kwenda jingine, na dada wa manunuzi ana tabia hiyo hiyo ya kupeleka mbele kwa bosi wake. Saini ya DKIM husafiri na barua. Nimeamua tuhamishe daftari.

Jumanne, 18 Februari: kuhamisha daftari

Kilichonichelewesha kuelewa ni kwamba hosti ya tovuti na mshika daftari si lazima wawe mtu mmoja. Hosti ilinitaka nielekeze seva za majina kwao ili kuikubali domeni mwanzoni; baada ya hapo tovuti inachohitaji ni rekodi ya A tu inayotaja IP yao. Daftari linaweza kukaa kwingine.

Nimechagua Cloudflare, mpango wa bure. Unaongeza domeni, wanazisoma rekodi zilizopo na kuzinakili, unazikagua, kisha unapewa majina mawili ya seva uyapeleke kwa msajili. Nilikagua moja moja: A kwenda 192.0.2.10, www, MX tatu, SPF, ile TXT ya uthibitisho. Zote zipo. Nikaingia kwa msajili saa tatu usiku nikabadilisha seva za majina. Hii ndiyo kazi pekee ambayo paneli ya msajili inanifaa.

Halafu, kwa kupenda usafi, nikarudi kwenye paneli ya hosti nikafuta rekodi za zamani za barua. Nikajiona mtu nadhifu.

Jumatano, 19 Februari: unadhifu uliotutia hasara

Saa nne asubuhi simu ya mjomba: "Mpwa wangu, imeili yako imemrudishia yule dada wa hoteli maneno ya Kizungu."

Shikamoo hata sikuikumbuka. Nikaomba picha ya skrini. Barua yake imekataliwa na seva ya hosti ya tovuti, kosa 550, kwamba hakuna sanduku la namna hiyo. Seva ya tovuti! Barua ilifikaje huko?

Ikawa hivi. Nilipobadilisha seva za majina usiku, habari ile haikufika kote kwa mkupuo. Kache za watoa huduma wengi bado zilikuwa na majina ya seva za zamani, zikaenda kuuliza huko. Huko mimi nilikuwa nimefuta MX. Na kanuni ya SMTP, yaani ya kutuma barua, RFC 5321, inasema domeni isipokuwa na MX kabisa, mtumaji ajaribu kupeleka barua kwenye IP ya rekodi ya A. Rekodi ya A ya tovuti ilikuwepo. Barua ikabisha hodi kwenye nyumba ya tovuti, ikaambiwa mwenyewe hayupo.

Laiti seva ile ingekuwa imezimwa tu, isijibu kitu, barua ingesubiri kwenye foleni ya mtumaji na kujaribiwa tena. Watumaji hukawia siku kadhaa kabla ya kukata tamaa. Jibu la 550 ni la mwisho, barua inarudi papo hapo.

Nilizirudisha MX na SPF kwenye paneli ya zamani saa nne na nusu. Madaftari yote mawili yakasema jambo moja, na haikujalisha tena nani anauliza wapi. Seva zote nne nilizokuwa nikiziuliza zilikubaliana leo jioni, kama saa 20 baada ya mabadiliko. Rekodi za zamani nimeziacha, nitazifuta mwezi ujao au nisizifute, hazimdhuru mtu.

Utaratibu nitakaoufuata siku nyingine: siku moja kabla ya kuhama, punguza TTL za rekodi (muda ambao kache hushika jibu) kwenye daftari la zamani. Zetu zilikuwa sekunde 14400, yaani saa 4. Unaweza kushuka hadi 300. Jaza daftari jipya. Linganisha. Badilisha seva za majina. Halafu mikono mfukoni, usiguse cha zamani kwa siku tatu.

Kosa dogo la pembeni: tovuti ilianza kuzunguka bila kufunguka, brauza ikilalamika kwamba inaelekezwa upya mara nyingi mno. Nilikuwa nimeacha lile wingu la chungwa la Cloudflare, linalopitisha wageni wa tovuti kwao kwanza, likiwa limewashwa, huku hali ya usimbaji ikiwa ile ya nusu njia, na hosti nayo inalazimisha https. Wakawa wanarudishiana kama mpira. Nimezima wingu likawa la kijivu, tovuti imerudi. Kumbuka pia kwamba wingu hilo hupitisha trafiki ya tovuti tu, kwa hiyo jina lolote la seva ya barua liwe la kijivu daima.

Mjomba alimpigia dada wa hoteli akamwomba atume tena. Akamwambia mtandao ulikuwa chini. Nimemwacha na uongo wake.

Jumamosi, 22 Februari: DKIM na DMARC

Mstari wa chini umekubaliwa bila swali. Nilichagua ufunguo wa biti 2048, nikaunakili kwenye simu, nikajitumia, nikaubandika. Zoho ikasema ufunguo haulingani.

Nusu saa nikiyatazama yale makorokoro, kisha nikahesabu: herufi 390 baada ya p=. Zilitakiwa 392. Kidole kwenye kioo cha simu kiliacha mbili za mwisho. Kuna njia ya haraka kuliko kuhesabu: funguo hizi karibu zote huishia na IDAQAB. Yangu iliishia IDAQ. Nakili kwa kompyuta, na kwa kitufe cha kunakili, si kwa kukokota kidole.

DMARC, inayowaambia wapokeaji waifanye nini barua iliyofeli, ni mstari mmoja kwenye _dmarc:

v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@mfano.co.tz

Hiyo p=none haimzuii mtu, inaomba tu ripoti za kila siku kutoka kwa wanaopokea. Anza hapo. Kuna rafiki yangu alianza na p=reject (ikataliwe kabisa) siku ya kwanza akajizuia mwenyewe wiki nzima. Ripoti@ ni akaunti ya tatu kati ya zile 5.

Majaribio: Gmail, barua asilia, PASS tatu, na imeingia kwenye sanduku la kawaida. Nikatuma na kwa Yahoo ya shangazi. Shangazi anasema imefika, ila anauliza kwa nini namwandikia barua wakati nakaa Temeke.

Jumamosi, 8 Machi: ripoti zinasema kuna mwingine

Tuko kwenye Ramadhani, karakana inafungwa mapema, na mimi nimepata muda wa kusoma ripoti za wiki mbili. Zinakuja kama faili za XML zilizobanwa, hazisomeki kwa raha, lakini ukitafuta sehemu ya source_ip na count unapata unachotaka. Barua 41 kutoka Zoho, zote zimepita. Barua 6 kutoka IP nyingine, zimeanguka SPF na DKIM.

Nilidhani ni matapeli. IP ikawa ya hosti yetu wenyewe. Ni fomu ya mawasiliano ya tovuti! Hosti ya bure huiachia PHP, lugha inayoendesha fomu, itume barua chache kwa siku, na mimi mwaka jana niliiandika fomu itume kwa jina la info@mfano.co.tz. Wateja 6 walijaza fomu ndani ya wiki mbili. Nikafungua spamu ya info@ nikawakuta wote sita, mmoja anataka meza za darasa 30.

Nilitaka fomu itume kwa SMTP kupitia Zoho, lakini hosti imefunga bandari zote za kutokea, yaani milango ya barua, 25, 465 na 587. Basi nimeiondoa fomu. Mahali pake pana kiungo cha kuandika imeili na kitufe cha WhatsApp, ambacho ndicho watu wa Dar wanachobonyeza hata hivyo. Sita wale mjomba amewapigia kabla ya futari. Wawili wameshanunua kwingine. Baada ya hapo nimepandisha DMARC kuwa p=quarantine (iliyofeli iende spamu).

Jumamosi, 15 Machi: gharama, na kibao

Rekodi zote, Zoho, Cloudflare na hosti: 0. Bando: 14,000. Nauli za daladala kwenda Keko: 7,200. Jumla shilingi 21,200, bila kuhesabu ada ya domeni, 25,000 kwa mwaka, inayodaiwa Julai. Tarehe hiyo nimeiweka kwenye simu yangu, ya mjomba na ya binti yake, kwa sababu domeni ikilala barua zote zinalala nayo. Kazi iliyobaki ni kupandisha p=reject mwishoni mwa Aprili kama ripoti zitabaki safi.

Hoteli imeagiza vitanda 12, si 18.

Leo nimefika karakana nikakuta kibao kipya mlangoni, cha rangi ya mafuta, shilingi 45,000 za mchora vibao. Jina la karakana kubwa, namba ya simu, na chini yake kwa herufi nzuri sana: infor@mfano.co.tz. Nikamwonyesha mjomba ile r. Akaitazama, akamtazama mchora vibao aliyekuwa bado ananawa brashi, akaniuliza kurekebisha herufi moja kwenye mtandao ni bei gani.

Nimefungua akaunti ya nne, infor@. Nilituma barua ya majaribio nikiwa pale pale chini ya kibao, ikaingia kabla sijarudisha simu mfukoni.